Karatasi Iliyonasa

Kwanza tuelewane: mimi si mkaguzi wa kuhongwa kwa soda. Wameshajaribu. Siku za kazi mimi ni fundi wa makochi. Nabandua vitambaa vilivyochakaa, nabadilisha sponji, nakaza spring, nashona upya mpaka kochi linasahau umri wake. Lakini Jumapili ya mashindano nakaa nyuma ya meza ya mbao kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani, na hakuna upinde unaokwenda kurusha mshale bila kupita kwanza mikononi mwangu. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu nina jicho. Wengine wanasema ni kwa sababu nina mdomo. Sibishani nao.

Klabu yetu ni ya watu wanaojifurahisha tu. Kombe lenyewe ni birika la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, na rangi imeshaanza kubanduka mdomoni. Hata hivyo watu wanaligombea hadi mishipa ya shingo inawatoka. Ndiyo maana pinde zinagawanywa madaraja, ili mwenye baiskeli asishindanishwe na mwenye pikipiki.

Madaraja yako matatu. La kwanza ni mti mtupu: upinde wa mti, mishale ya mti, manyoya ya ndege aliyewahi kuruka, basi. La pili ni pinde nyoofu. Hapa mtu anaruhusiwa kubandika faiba mgongoni mwa mbao, ila upinde ukishatiwa kamba, kamba hiyo isiguse popote isipokuwa kwenye vijino viwili vya ncha inapofungwa. La tatu ni pinde mbetuko. Ncha zake zimepinda kuelekea mbele, na kamba inalala juu ya mbao kabla ya kufika kwenye kijino. Hizo zinarusha mshale kwa kasi zaidi, kwa hiyo zina watu wake na birika lake.

Namna ya kupima ni rahisi hata mtoto anaweza. Nachukua kipande cha karatasi chenye upana wa kidole, nakipitisha kati ya kamba na mbao kuanzia kwenye mshikio hadi kwenye ncha. Kikifika kijinoni bila kunasa, wewe ni mnyoofu. Kikinasa njiani, wewe ni mbetuko, chukua mkoba wako uende kundi lile pale. Karatasi haina shangazi wala mjomba.

Na mimi kwenye ile meza sina mama. Nilikuwa najisifu hivyo miaka yote, mpaka Jumapili hii ninayoisimulia.

Mama yangu alikuwa muoka mikate hadi alipostaafu. Ni mfupi, mnene kidogo, na mikono yake ina nguvu za kukanda unga wa mtaa mzima. Upinde wake alichongewa na seremala mmoja wa klabu ambaye alishahama. Ni mnyoofu, lakini ncha zake seremala alizibetua mbele kidogo, kidogo kiasi kwamba usipokuwa mkaguzi huoni. Mwaka hadi mwaka karatasi yangu ilikuwa inapita pale kwa shida, ila inapita.

Dada yake, Mama Mkubwa, ni kinyume chake kwa kila kitu. Mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Maisha yake yote alikuwa anashona maturubai na mahema, na katika klabu yeye ndiye aliyekuwa akisokota kamba za pinde za watu kwa uzi wa turubai, akizisugua nta ya nyuki mpaka zinanukia. Mtu akikatikiwa na kamba, anapelekwa kwake.

Sasa, hawa ndugu wawili hawaongei. Tangu msiba wa bibi, mama yao. Gari alilokuja nalo Mama Mkubwa liliharibika njiani, akafika kaburi limeshafunikwa, na Mama, kwa uchungu aliokuwa nao, akamwambia mbele za watu, "Umekuja kuzika au umekuja kula?"

Nilikuwepo. Nilitamani neno lile lirudi lilikotoka. Mama Mkubwa aliweka mkoba begani akageuka. Tangu siku hiyo hakuna simu, hakuna kutembeleana, hata sikukuu kila mtu kwake. Nilijaribu kuwatungia salamu. "Mama Mkubwa anakusalimia sana." Mama akaniangalia kutoka juu hadi chini, akasema, "Na wewe umeanza uongo ukubwani?" Nikaacha.

Lakini Jumapili ya mashindano wako pamoja, na hapo ndipo akili yangu ilipokuwa inagota. Kwetu watu hutembea kwa makundi ya daraja moja, kituo hadi kituo, kando ya mashimo ya udongo tulikosimamisha mbao za shabaha. Wanawake wa umri wao wenye pinde nyoofu ni wao wawili tu. Kwa hiyo wanatembea wawili, kimya, kama watu waliokutana foleni. Na kanuni yetu inasema mtu hajihesabii pointi zake. Mwenzako anaangalia mshale wako kwenye ubao, anataja namba kwa sauti, na wewe unairudia kwa sauti kuonyesha umekubali.

"Nane," anasema Mama Mkubwa.

"Nane," anasema Mama.

"Tano."

"Tano."

Hayo ndiyo mazungumzo yao. Siku nzima. Wakimaliza, kila mmoja njia yake. Na kila mara Mama Mkubwa anashinda, Mama anakuwa wa mwisho, na mwaka ukirudi Mama anaamka mapema kuliko wote kupiga pasi suruali ya mashindano. Nilidhani ni adhabu anajipa. Nilidhani ni ukaidi. Nilidhani mengi. Mimi kitu nisichokielewa hakinipi usingizi. Kochi likilia nalifungua lote mpaka nijue ni msumari gani. Sasa hawa wawili nilikuwa sijui nianzie kufungulia wapi.

Jumapili hiyo Mama Mkubwa alifika mezani kwanza. Upinde wake mrefu, unampita kichwa, karatasi ikapita bila wasiwasi. Nikakagua mishale, manyoya sawa. Halafu mkoba, maana kamba ya akiba nayo lazima ikaguliwe. Ilikuwepo, imekunjwa vizuri kwenye kitambaa, kama siku zote. Na kama siku zote, haikuwa ya upinde wake. Ilipungua shibiri nzima.

"Mama Mkubwa," nikamwambia, "hii kamba yako ya akiba, siku ya kukatikiwa utaivaa kiunoni?"

Hilo nalo nilikuwa namtania kila mwaka. Fundi mzima wa kamba, anatembea na kamba isiyoenea.

"Kagua upinde, mwanangu," akasema. "Mkoba wangu haushindani."

Akaenda zake. Mama akafuata. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma, lakini yeye alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na ameifunga vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Mama, hilo joto lote?"

"Niliungua na trei ya mikate. Fanya kazi yako."

Nikapitisha karatasi. Upande wa juu ilitembea, ikatembea, ikafika karibu na ncha, ikasimama. Nikaivuta taratibu. Imenasa.

"Mama, imenasa."

"Rudia."

Nikarudia. Nikajaribu upande wa chini. Imenasa.

"Mama, huu sasa ni mbetuko."

"Mbetuko mama yako."

"Mama yangu ni wewe."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama hakucheka. Aliunyakua upinde, akaenda nao nyuma ya ukuta wa tanuri la zamani, na mimi kwa kweli nikafurahi moyoni. Nilijiambia, sasa ndiyo heri yenyewe. Daraja la mbetuko halina mwanamke wa umri wake hata mmoja. Angetembea na watu wachangamfu, angeshinda akiwa peke yake, birika lingekuwa lake, na angepumzika na ule ukimya wa dada yake. Nilikuwa hata nimeshachagua pa kuliweka lile birika, juu ya kabati la vyombo.

Akarudi, jasho linamtiririka. Alikuwa ameivua kamba akaisokota zaidi ili iwe fupi. Kamba ikiwa fupi, upinde unajikunja zaidi na kamba inainuka kutoka kwenye mbao. Nikapitisha karatasi. Ikapita, kwa kusitasita, lakini ikafika kijinoni.

"Haya," akasema Mama. "Sema."

Ningesema nini? Karatasi imepita. Nikamfungia utepe wa pinde nyoofu, akaenda kusimama kando ya dada yake bila kumtazama.

Lakini nilibaki nimeshika kidevu. Upinde haubadiliki daraja ndani ya dakika tano. Mbao ni ile ile, ncha ni zile zile. Basi tatizo ni kamba. Na ile kamba nilipoigusa ilikuwa na utelezi fulani, halafu haikunukia nta ya nyuki. Ilinukia mshumaa. Kidole changu kilikuwa kinaijua, sema sikupata ni wapi.

Na mawazo yangu, niseme ukweli, hayakuwa yametulia. Nyumbani nilikuwa nimegombana na baba watoto. Rola langu la uzi, la gharama, lilikuwa limepotea karakana, na yeye ni fundi wa friji, ana tabia ya kuchukua chochote kinachofunga. Nikamwambia arudishe. Akasema hajachukua. Nikamwambia yeye ni mwongo. Akanuna, nikanuna. Wiki nzima tulikuwa tunaongea ya lazima tu. "Gesi imeisha." "Sawa." "Mlango umefungwa?" "Umefungwa."

Mashindano yakaenda vizuri hadi karibu adhuhuri. Nilikuwa nimekaa kivulini nakula ndizi, Kipenga akaja anakimbia. Huyo ni mwenyekiti wetu, daktari wa meno. Tunamwita Kipenga kwa sababu hicho kidude hakitoki shingoni mwake hata akiwa anamng'oa mtu jino.

"Mkaguzi, unaitwa. Kundi la mama yako. Wameinua kitambaa cha njano."

Kitambaa cha njano maana yake mshindani ana shaka na kifaa cha mwenzake. Kwetu ni jambo zito. Watu hukaa miaka bila kukiinua, maana ukikiinua ni kama umemwita mwenzako mwizi.

"Nani ameinua?"

Kipenga akakohoa. "Mama Mkubwa wako."

Damu ikanipanda. Nilitupa ndizi, nikachukua karatasi yangu, nikaenda kwa miguu mirefu kando ya mashimo ya udongo huku nikiyapanga maneno. Ina maana kumshinda kila mwaka hakumtoshi? Anataka na kumfukuza? Nilipofika niliwakuta wamesimama mbali mbali, Mama ameukumbatia upinde wake kifuani, Mama Mkubwa ameshikilia kile kitambaa juu kabisa, mkono umenyooka, na hakuushusha hata aliponiona.

"Mkaguzi," akasema. Hakusema mwanangu. "Kagua kamba ya mshindani."

"Nimeshaikagua asubuhi," nikamjibu kwa ukali.

"Kagua tena."

Kanuni ni kanuni. Nikamwendea Mama, akausogeza upinde nyuma kama mtoto aliyeficha peremende. "Mama, nipe." Akanipa. Nikapitisha karatasi. Haikufika hata pale iliponasia asubuhi. Kamba ilikuwa imelegea, imelala juu ya mbao kiganja kizima.

Sasa ikanijia hamu ya kujua, kubwa kuliko hasira. Iliyosokotwa asubuhi ikakaza, imelegea vipi mchana? Kamba ya uzi wa turubai haifanyi hivyo. Nikaisogeza juani, nikaifumua kidogo kwa kucha. Rangi ya kahawia, inang'aa, nyuzi tatu tatu.

"Mungu wangu," nikasema. "Huu ni uzi wangu."

Mama akaangalia pembeni.

"Mama! Huu ni uzi wangu wa makochi ya ngozi! Nailoni! Nimemwita mume wangu mwongo wiki nzima kwa ajili ya uzi huu!"

"Kamba yangu ya zamani ilikatika. Nilichukua kidogo," akasema.

"Rola zima!"

"Niliharibu mara mbili kabla ya kupata hii."

Kipenga akauliza kuna ubaya gani na nailoni, si ina nguvu. Nikamweleza. Nailoni ina nguvu ndiyo, lakini inavutika. Kwenye kochi ni sifa: mtu anakaa, uzi unanyumbuka, akiinuka unarudi. Kwenye upinde ni balaa. Kila ukivuta inaongezeka, na jua likiipata inaongezeka zaidi. Kamba ikirefuka inausogelea mshikio, na ikisogelea mshikio, ukiachia mshale inakuchapa. Hapo maneno yangu mwenyewe yakanigutusha. Nikamshika Mama mkono wa kushoto nikafungua kifungo cha shati. Kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko palikuwa na michirizi, mipya juu ya ya zamani, mingine imegeuka zambarau.

"Trei ya mikate," nikasema.

"Usinipigie kelele mbele za watu."

Sikuwa napiga kelele. "Kwa nini hukuniambia? Ningekununulia kamba mjini, ziko tele."

"Sitaki ya mjini."

"Unataka ya nani?"

Alikuwa anatazama majani chini, na mimi, mpumbavu, bado nilikuwa sijaona.

Kipenga alitoa kipenga mdomoni, jambo ambalo hulifanya mara chache, akasema kwa upole kwamba hali ilivyo, mshindani anahamia daraja la mbetuko. Kundi lake linamsubiri kituo cha tano. Kama ana kamba nyingine inayofaa anaweza kubadilisha sasa hivi, wenzake wakisubiri, ila kama hana, basi.

"Sina," akasema Mama.

"Basi mama, twende," nikamwambia. "Kule utashinda. Nakwambia utashinda leo leo."

"Sitaki."

"Mama, hapa unakuwa wa mwisho kila mwaka."

"Nifutieni pointi zote," akamwambia Kipenga. "Andika sifuri. Sitarusha hata mshale mmoja. Niacheni nitembee tu mpaka mwisho, nikiwa hapa hapa."

Kipenga akanitazama mimi. Kanuni haimruhusu asiyeshindana kutembea na kundi. Na mimi ndipo mdomo wangu, ambao hauna mlango, ukauliza lile swali nililokaa nalo miaka yote.

"Mama, unang'ang'ania nini hapa? Kule utapata kila kitu. Hapa una nini?"

Mama akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Kule nani ataniambia nane?" akasema.

Kipenga alianza kufuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi. Nami nilisimama pale na kipande cha karatasi mkononi nikajiona mjinga wa mwisho. Miaka yote nilidhani namba zile ni adhabu. Kumbe ndizo zilizokuwa zimebaki. Yeye alikuwa anaamka mapema, anapiga pasi suruali, anachapwa mkono mpaka unakuwa zambarau, ili asikie sauti ya dada yake ikimwambia nane, na yeye apate kumjibu nane.

Mama Mkubwa alikuwa ameshusha mkono. Aliweka kile kitambaa cha njano mfukoni, akashusha mkoba begani, akapiga goti kwenye majani akaufungua. Alitoa ile kamba. Ile fupi, ya kila mwaka, iliyokunjwa kwenye kitambaa.

"Mkaguzi," akasema, bado ananitazama mimi tu. "Mwambie mshindani kamba ipo."

Niliichukua. Sikuhitaji rula, lakini niliipima hivyo hivyo, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Niliilaza kando ya upinde wa Mama, kitanzi kwa kitanzi, ikaenea kama soksi. Harufu ya nta ya nyuki ikanijia puani. Ilikuwa laini, mbichi, haina mkunjo wa kukaa.

"Hii si ya mwaka jana," nikasema.

"Ya mwaka jana iko nyumbani. Na ya mwaka juzi." Alikuwa anafunga mkoba, akikawia na zipu. "Kamba ikizeeka mkobani haifai. Nasokota mpya."

"Mama Mkubwa, si ungempa tu!"

"Ningempa vipi? Hatuongei." Alisema hivyo kana kwamba namuuliza kwa nini maji yana unyevu. "Nilikuwa nasubiri akatikiwe aombe. Lakini leo ile takataka aliyofunga ilikuwa inalia vibaya tangu kituo cha kwanza. Ingekatika ingemtoa jicho. Sikuweza kusubiri tena. Nikainua kitambaa, nikasema mtoto akija atajua la kufanya."

Na mtoto mwenyewe, nikafikiri, alikuwa amekuja kukutukana.

Nikampa kamba Kipenga, Kipenga akanirudishia, hakuna aliyejua nani anatakiwa kuifunga. Mama Mkubwa akapoteza subira. Akanipokonya upinde, akaondoa nailoni yangu akaitupa kwenye shimo la udongo, akaupitisha upinde kati ya miguu yake mirefu, akaukunja kwenye paja, akaingiza vitanzi kwenye vijino. Kisha akausimamisha mbele yake. Sasa kwetu urefu wa kamba haupimwi kwa chombo. Mwenye upinde anaweka ngumi yake juu ya mshikio, anasimamisha dole gumba, na kamba inasokotwa mpaka ncha ya dole iiguse. Lazima iwe ngumi ya mwenyewe. Ya mtu mwingine haifai.

Mama Mkubwa akasubiri. Mama alikuwa amesimama hatua chache tu, hasogei.

"Lete ngumi," akasema Mama Mkubwa.

Safari hii hakuniambia mimi niseme.

Mama akaja. Akaweka ngumi yake ya muoka mikate juu ya mshikio, dole juu. Dada yake akainama, akavua kitanzi, akasokota kidogo, akarudisha, akapima. Akavua tena. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugusana, kimoja cheupe chote, kingine kinaelekea huko. Nikaona Mama Mkubwa akiitazama ile michirizi kwenye mkono wa mdogo wake kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Inauma?" akauliza.

"Kidogo," akasema Mama. Halafu yote yakamtoka kwa pamoja. "Dada, lile neno la pale kaburini, mimi..."

"Nililisikia mara moja, linatosha. Usilirudie." Akasokota mara ya mwisho. Kamba ikagusa dole. "Nilikaa barabarani usiku mzima na gari bovu. Nilikuwa nalia nikidhani nitawahi."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Mama akashika kinywa. Mama Mkubwa akampa upinde. "Futa machozi," akamwambia. "Mwenye machozi hapigi shabaha, na mimi sitaki ushindi wa bure."

Nikapitisha karatasi. Ilibidi niifanye kazi yangu. Ikaanzia kwenye mshikio, ikapanda, ikafika karibu na ncha pale iliponasia asubuhi, nikaogopa, ikapita. Upande wa chini ikapita. Nikatangaza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mnyoofu!" Kipenga akapiga kipenga bila sababu yoyote, kundi la kituo cha pili wakaacha kurusha wakashangaa.

Niliwaacha nikarudi kuelekea mezani. Njiani nikatoa simu nikampigia baba watoto. Iliita sana. Alipopokea alisema, "Ndiyo," kavu kabisa, kama nampigia kumuuliza bei ya gesi.

"Uzi umepatikana," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye upinde wa mama. Hukuwa mwongo. Nisamehe, baba watoto, nimekukosea sana."

Nikasikia anavuta kiti. "Kwenye upinde? Nisimulie vizuri."

Nilifungua mdomo nimsimulie, lakini nyuma yangu kule kwenye ubao wa shabaha zilianza kelele.

"Saba!"

"Saba ya wapi? Umegusa mstari, hiyo ni nane!"

"Haujagusa."

"Dada, vaa miwani! Njoo hapa uinamie!"

"Nimeinamia! Wewe ulizaliwa unabisha, hata kulia ulikuwa unalia kwa kubisha!"

"Na wewe ulikuwa unanifinya!"

"Nani hao wanagombana?" akauliza mume wangu kwenye simu.

"Mama na Mama Mkubwa."

"Wanagombana?"

"Wanagombana," nikamwambia, machozi yananitiririka hadi kwenye simu. "Wanagombana kweli kweli."